Amri za Vidole na Ukaidi wa Programu ya Muziki

Miongoni mwa lawama zote wanazotupiwa waundaji wa kompyuta na watu wanaozitumia majumbani na maofisini, ni chache zenye hasira kama ile ya mtu ambaye programu yake ya muziki imebadilika tabia ghafla. Jana ilikuwa tiifu. Leo wimbo mmoja unajirudia kutwa kucha bila ya kuupisha mwenziwe, au taarabu ya taratibu inakwenda mbio kwa mwendo wa chakacha, au sauti imetoweka ilhali wimbo unasonga mbele kana kwamba hakuna lililotukia, au menyu na vitufe vyote vya kuchezea vimefutika usoni pa dirisha. Mwenye kompyuta hudhani virusi vimeingia, akamwita fundi. Na fundi asiye na subira aghalabu huiondoa programu nzima akaiweka upya, kisha akastaajabu kuona ukaidi ule ule unamngoja. Dai langu katika makala haya ni kwamba sehemu kubwa ya maradhi hayo si maradhi kabisa, bali ni amri halali ambazo mwenye kompyuta mwenyewe alizitoa kwa kidole chake bila ya kujua, na programu ikazitii kwa uaminifu.

Ili jambo hili lifahamike, yafaa tuanze na asili ya amri zenyewe. Kibodi imerithi umbo lake kwa taipureta, na sheria ya taipureta ilikuwa nyepesi: mwenye kubonyeza herufi huandika herufi, basi. Ilipokuja mitambo ya kupelekeana maandishi kwa waya, ilihitajika namna ya kuuambia mtambo ulio mbali utende jambo bila ya jambo hilo kuchapwa karatasini; ndipo kikatiwa kitufe cha ziada, ambacho mtu akikishikilia kwa kidole kimoja, herufi anayoibonyeza kwa kidole kingine huacha kuwa herufi ikawa amri. Katika mpango wa herufi uitwao ASCII, uliotangazwa Marekani mwaka 1963, Ctrl pamoja na G ilikuwa amri ya kupiga kengele, na kengele halisi ya chuma ililia upande wa pili wa waya. Kitufe hicho cha Ctrl ndicho hiki kilichopo hadi leo pembeni mwa kibodi zetu.

Kutoka hapo njia za mkato zikazaana. Larry Tesler, aliyekuwa mtafiti katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, alibuni pamoja na mwenziwe Tim Mott, katikati ya miaka ya 1970, utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi ambao leo hata mtoto wa shule anaujua. Na kompyuta ya Lisa ya Apple ilipotoka mwaka 1983, amri hizo zilipewa herufi X, C na V zilizo jirani katika safu ya chini, na Z ya kutengua kosa ikakaa kando yake. Mpango huo una busara ndani yake, kwani mkono wa kushoto huzifikia herufi zote nne bila ya mkono wa kulia kulazimika kukiacha kipanya.

Katika programu ya kuandikia, basi, amri imelindwa: herufi peke yake ni maandishi, na haiwi amri mpaka Ctrl ishikwe. Programu ya muziki ina tabia nyingine, kwa kuwa haiandikiwi barua wala hesabu. Maadamu hakuna maandishi yanayotarajiwa kuingia ndani yake, waundaji waliona hapana haja ya kumtaabisha msikilizaji kwa kushika Ctrl kwanza, na herufi tupu ikafanywa amri. Winamp, programu iliyotolewa mwaka 1997 na kijana wa Kimarekani, Justin Frankel, na ambayo watu waliozoea mikahawa ya intaneti ya zamani zile watalikumbuka dirisha lake dogo la rangi ya giza lenye tarakimu za kijani, iliipa safu ya chini ya kibodi kazi tano zinazofuatana: Z kurudi wimbo uliotangulia, X kuupiga, C kuusimamisha kwa muda, V kuukomesha, na B kwenda wimbo unaofuata. Ilikuwa tadbiri nzuri mno, kwani vidole vya mkono mmoja viliweza kuendesha muziki wa harusi nzima katika giza la ukumbi. Lakini herufi isiyolindwa na Ctrl haiulizi kama aliyeibonyeza alikusudia au aliteleza.

Tuichukue VLC iwe mfano wetu, kwa sababu imeenea mno, hailipiwi, na huimba na kuonyesha karibu kila aina ya faili unayoipa. Asili yake ni kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, chuo cha uhandisi nchini Ufaransa, iliyoanza mwaka 1996. Na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuichunguza na kuigawa bure. Alama yake ni koni ya barabarani yenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe. Na niseme kwa kando kwamba inapokaribia Krismasi koni hiyo hujivika kofia nyekundu, kisha ikaivua sikukuu zikishapita, kwa hiyo mwenye kuiona katika Desemba asikimbilie kununua dawa ya virusi.

Mtu akiitazama kibodi yake kwa makini ataona kuwa upande wa kulia ndio uliosheheni amri za VLC ambazo athari zake hazitambulikani mara moja. (Nasema juu ya kompyuta za Windows na Linux, katika zile za Apple baadhi ya vitufe hutofautiana.) J, K na L zimekaa pamoja katika safu ya kati, N na M zipo chini yake, P na mabano ya mraba yapo juu, na juu zaidi, karibu na kitufe cha kufutia, zipo alama za kutoa na za sawasawa. Mtoto akituliza kiganja chake hapo, au mtu akipangusa vumbi kwa kitambaa huku wimbo unapigwa, huenda amri nne au tano zikatolewa kwa mpigo mmoja, na kila moja ikatekelezwa bila ya swali.

Chukua herufi L. Ukiibonyeza mara ya kwanza, VLC huirudia orodha yote ya nyimbo kila inapokwisha. Mara ya pili, huurudia wimbo mmoja ule ule bila kikomo. Mara ya tatu, huacha kurudia. Ikiwa unatazama filamu, maneno madogo hutokea juu ya picha kukuarifu kilichobadilika. Lakini wimbo usio na picha hauna mahali pa maneno hayo kutokea, kwa hiyo amri hupita kimya, na msikilizaji hugundua baada ya dakika kadhaa kwamba mwimbaji hataki kuondoka jukwaani. Dawa yake ni kuibonyeza L tena, pengine mara mbili, hapana zaidi. Herufi M ni ya kunyamazisha sauti, na hii ndiyo inayowapeleka watu wengi kuchokoa waya za spika na kuzima na kuwasha kompyuta, ilhali M moja tu ingewatosha. Herufi R huzichanganya nyimbo zisifuatane kwa mpango wake, nayo huwaudhi hasa wasikilizaji wa Kurani na wa vitabu vinavyosomwa, ambao mfuatano kwao ndio kila kitu.

Ajabu kubwa kuliko zote ni ile ya mwendo. Bano la mraba la kufungia huongeza kasi kidogo kidogo, na lile la kufungulia huipunguza. Alama ya kujumlisha huongeza kwa hatua kubwa zaidi, na ya kutoa hupunguza. Wazee wetu waliokuwa na santuri walilijua tatizo hili, kwani sahani ya mizunguko 33 kwa dakika ikizungushwa kwa mwendo wa 45, sauti ya mwimbaji iligeuka ya kitoto papo hapo na kila aliyekuwamo sebuleni alicheka. VLC haitoi ishara hiyo: huurekebisha mlio ili usipande pamoja na kasi, hivyo mwimbaji hubaki na sauti yake ya utu uzima, isipokuwa ana haraka isiyoelezeka, na msikilizaji hubaki akijiuliza kama ni masikio yake au ni rekodi mbovu aliyouziwa. Kitufe cha alama ya sawasawa, kikibonyezwa peke yake mara moja, hurudisha mwendo wa asili, hata kama ulivurugwa mara ngapi.

J na K ni za watazamaji zaidi kuliko wasikilizaji. Moja huiwahisha sauti na nyingine huichelewesha, kila mbonyezo kwa sehemu 50 kati ya elfu moja za sekunde, kiasi ambacho hakionekani. Lakini kiganja kikilalia kitufe kwa muda, michango hiyo midogo hujumlika hata midomo ya mwimbaji katika video ikaachana na maneno yake. Bonyeza herufi ya pili taratibu mpaka viwili hivyo vipatane tena. Na kuhusu dirisha lililopoteza menyu na vitufe vyake vyote, mkosaji karibu kila mara ni Ctrl pamoja na H, amri ya kuvificha vyombo ili dirisha liwe tupu. Ukiibonyeza tena, vyote hurudi.

Hapa msomaji makini atauliza: ni nani aliyebonyeza Ctrl na H kwa bahati mbaya? Jawabu lake lina manufaa makubwa. Katika programu ndogo ya maandishi ya Windows, Notepad, amri hiyo hiyo hutafuta neno na kulibadili kwa jingine. Katika vivinjari vingi vya intaneti hufungua kumbukumbu ya kurasa ulizozitembelea. Vidole vya karani aliyeizoea kazi yake huitoa amri hiyo bila ya kufikiri. Lakini kibodi haijui karani anasema na nani. Amri huliendea dirisha lililo mbele wakati ule, yaani lile lililobofywa mwisho, na kila dirisha huipokea kwa maana yake lenyewe. Ndiyo maana upau mrefu wa nafasi, ambao katika programu nyingi za muziki husimamisha wimbo na kuuendeleza, wakati mwingine hauusimamishi: ukiwa umebofya ndani ya kisanduku cha kutafutia wimbo, upau huo huandika nafasi, na ukiwa kwenye kivinjari, husogeza ukurasa chini. Kabla ya kuilaumu programu kwa kutotii, libofye dirisha lake mara moja, mahali pasipo na maandishi, kisha itoe amri yako tena.

Vile vitufe maalumu vya muziki vilivyo juu ya kibodi nyingi za siku hizi, vyenye pembetatu ya kupigia na mistari miwili ya kusimamishia, havifuati sheria hiyo, nalo hili limezaa fujo ya aina yake. Mfumo wa kompyuta huvipeleka kwa programu yoyote iliyojiandikisha kuvipokea, hata ikiwa nyuma ya madirisha yote. Tangu toleo la 73 la Chrome, la mwaka 2019, kivinjari hicho nacho huvisikiliza; hivyo mtu aliyeacha ukurasa wa video umefunguliwa tangu asubuhi hubonyeza kitufe ili asimamishe wimbo, na badala yake mahubiri au mpira ukaanza kunguruma juu ya wimbo ule ule. Hapana kilichoharibika. Ufunge ukurasa ule, na kitufe kitamrudia mwenyewe.

Lakini nisije nikadhaniwa kuwa nazikingia kifua programu kwa kila jambo. Zipo nyakati ambazo programu huganda kweli: dirisha hufifia, kipanya hakifai kitu, na sauti hukwama katika nusu ya neno ikirudia mkwaruzo ule ule. Wengi hukimbilia Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, nayo ni amri yenye historia ya kuchekesha kidogo. Aliyeibuni ni David Bradley, mhandisi mmojawapo wa wale walioiunda kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 huko Boca Raton, Florida, na aliikusudia iwe hila ya ndani ya karakana, ya kuiwasha mashine upya bila ya kungoja. Mwanzo alikuwa ametumia Esc mahali pa Delete, lakini vitufe hivyo vitatu vyote vilikuwa kushoto na mtu aliweza kuvigonga kwa bahati mbaya. Akakisogeza kimoja upande wa pili wa kibodi ili amri hiyo itake mikono miwili na nia thabiti. Laiti wabunifu wa amri za muziki wangaliichukua hadhari kama hiyo, makala haya yasingalihitajika.

Katika Windows ya sasa ipo njia fupi zaidi: Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua Task Manager, yaani orodha ya programu zilizo kazini, moja kwa moja. Teremka katika orodha kwa vitufe vya mishale mpaka uifikie programu iliyoganda, bonyeza Delete, nayo itakatwa roho bila ya kugusa kazi nyingine ulizozifungua. Kwenye kompyuta za Apple, Command, Option na Esc hufanya kazi iyo hiyo. Faili ya wimbo haidhuriki kwa tendo hilo, kwa kuwa wakati wa kupigwa husomwa tu wala haiandikwi.

Ikiwa programu inafunguka vizuri lakini ina tabia mbaya ambazo hakuna herufi inayoziponya, basi kilichochafuka ni mapendeleo yake, yaani kumbukumbu ya jinsi ulivyotaka ifanye kazi. Kumbukumbu hiyo huwekwa katika folda nyingine mbali na programu yenyewe, na uondoaji wa kawaida hauigusi. Hiyo ndiyo siri ya yule fundi aliyeiondoa VLC na kuiweka upya akakuta ukaidi uko palepale. Fungua mapendeleo kwa Ctrl na P, na chini ya dirisha hilo utaona kitufe cha kuyarudisha yote katika hali ya mwanzo. Ukikubali na kuifunga programu kisha ukaifungua tena, itakuwa kana kwamba ndiyo kwanza iingie nyumbani. Utapoteza mipango yako ya sauti na mwonekano, lakini hutapoteza wimbo hata mmoja. Na kabla ya kufika huko, ikiwa shida ni kimya tu, jaribu Shift na A, amri inayoihamisha sauti kutoka chombo kimoja kwenda kingine, kwani mara nyingi sauti inakwenda kwenye skrini isiyo na spika, au kwenye vipokea sauti vya Bluetooth vilivyosahauliwa mtotoni mwa meza vikiwa vinawaka.

Orodha za nyimbo nazo zina fitina yake. Mtu huketi jioni nzima akapanga nyimbo sitini za shughuli kutoka kwenye flashi, akaihifadhi orodha kwa Ctrl na Y, na siku ya shughuli kila wimbo unakataa kwa madai kwamba faili haionekani. Orodha haina muziki ndani yake. Ina anwani tu za mahali faili zilipo, na Windows ikiwa jana iliiita flashi E na leo imeiita F, kwa kuwa mlango wa E umekaliwa na kifaa kingine, basi anwani zote sitini zimekuwa za uongo kwa usiku mmoja. Hapana haja ya kuzipanga upya. Ifungue faili ya orodha kwa Notepad, nawe utaziona anwani zimejipanga mstari kwa mstari. Sasa ile Ctrl na H iliyotutia matatani katika VLC ndiyo inayotuokoa: mwambie Notepad abadili kila E yenye nukta mbili na mkwaju wake kuwa F yenye vivyo hivyo, hifadhi kwa Ctrl na S, na orodha itafufuka.

Limebaki jambo la majina yaliyokatika, ambalo huwaudhi wapenzi wa nyimbo za kale kuliko wote. Faili za MP3 hapo awali hazikuwa na mahali pa kuandikia jina la mwimbaji, mpaka mwaka 1996 Eric Kemp alipobuni utaratibu wa kuongeza kipande cha baiti 128 mkiani mwa faili, ambamo jina la wimbo lilipewa herufi 30, la mwimbaji 30, la albamu 30, na mwaka nne. Herufi 30 zilitosha kwa waimbaji wengi wa Ulaya na Marekani, lakini bendi zetu zilipenda majina marefu. Aliyeandika kwa utaratibu huo Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band aliishia kwenye Morogoro, kwani hapo nafasi ilikuwa imekwisha, nayo Jazz Band ikabaki nje. Matoleo ya baadaye ya utaratibu huo yaliiondoa mipaka hiyo, ila faili za zamani zinaendelea kunakiliwa kutoka flashi hadi flashi pamoja na ulemavu wake. Katika VLC, wimbo ukiwa unapigwa, bonyeza Ctrl na I. Dirisha la maelezo litafunguka lenye visanduku vya jina la wimbo, mwimbaji na albamu, jaza kilichopungua, kisha bofya kitufe cha kuhifadhi kilicho chini. Ikiwa faili iko kwenye flashi iliyofungwa isiandikwe, ihamishie kwanza kwenye kompyuta, maana vinginevyo maneno yako yatakubaliwa machoni tu, na kesho utaikuta bendi imesimama tena pale pale Morogoro.